Simu Namba Arobaini na Saba

Elirehema hakuwa na gari. Hakuwa na kiwanja, wala suti ya pili. Ile moja ya kijivu ilimtosha kwa harusi, msiba na Pasaka. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Darasa lake la mwisho la mchana lilikuwa kidato cha nne, na mengine yote aliyoyajua aliyasoma jioni kwa miaka minne, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vipuri karibu na Soko Kuu, watu ishirini wakigombea kompyuta tano. Hakuwa na sauti ya kuimba, jambo la aibu kwa mtoto wa Kimeru aliyekulia ndani ya kanisa la Kilutheri. Hakuwa na mchumba. Alipofika miaka thelathini na miwili, shangazi zake waliacha kumuuliza habari hiyo, na kule kuacha kulimuuma kuliko kuulizwa.

Alichokuwa nacho ni kazi, na kazi yake aliijua barabara.

Ilikuwa mwaka 2013. Soko huria lilikuwa limeshaleta Arusha kampuni za kila namna, na mojawapo ilikuwa Vilele Mazao, iliyonunua maharage machanga na mboga kwa wakulima wa Nduruma na Maji ya Chai na kuzipeleka nje kwa ndege. Mabwana na mabibi shamba wake sitini walikuwa wamepewa simu, kila moja na kibandiko cha namba mgongoni. Ndani ya simu hizo mlikuwa na majina ya wakulima, ukubwa wa mashamba na siku za kuvuna, habari ambazo kampuni nyingine ingezipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo pale mjini, ghorofa ya pili, Elirehema aliketi mbele ya kompyuta. Simu ikipotea Nduruma, aliifunga bila kuinuka kitini. Ikiibiwa, aliifuta ikawa tupu kama siku ilipotoka dukani. Akitaka kujua ilipo, alifungua ramani akaiona: nukta ya bluu.

Kanuni ya kampuni ilisema ramani itafunguliwa kwa simu iliyoripotiwa kupotea tu. Kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili alikwenda soko la Tengeru kumnunulia mama yake majembe mawili. Soko lilikuwa limefurika. Wanawake walikuwa wamepanga mikungu ya ndizi mpaka barabarani, wauza mitumba walipiga kelele juu ya meza zao, na vumbi lilinuka vitunguu na mafuta ya kukaangia. Akiwa anapita kwenye vibanda vya mafundi simu, macho yake yakatua juu ya meza moja. Palikuwa na simu imelala kifudifudi, na mgongoni ina kibandiko: 47.

"Kaka, subiri," alisema. "Hiyo simu usiifungue."

Fundi, kijana mmoja aliyeitwa Mikaeli, alikuwa ameuma bisibisi kwa meno. Akaitoa. "Mwenyewe huyo hapo kasimama. Muulize yeye."

Mwenyewe alikuwa amevaa sketi ndefu ya jinzi na blauzi ya njano iliyokoza, kitenge cha bluu kichwani, na raba zilizokaukiwa na tope jekundu mpaka kwenye kamba. Alimtazama Elirehema kuanzia chini kwenda juu, bila haraka.

"Na wewe ni nani?"

"Mpita njia. Ila simu hiyo haiflashiwi, dada. Akiiflashi, akafuta programu zake, inakufa moja kwa moja."

"Imeshakufa! Kuna mtu huko ofisini kwetu mjini, sijui ana roho ya namna gani. Umekosea namba ya siri mara chache tu, yeye paa, anakufungia. Na Jumatatu nina wakulima thelathini wananisubiri."

"Mara chache ngapi?"

"Chache."

"Kumi," alisema Elirehema. "Inajifunga ikikosewa mara kumi."

Mikaeli akacheka. "Dada, kumi nayo ni chache?"

"Wewe nimekuita ufungue simu au unifungulie kesi?" Akamgeukia tena Elirehema. "Nilibadilisha namba jana, nikailalia, nikaamka sina kitu kichwani. Ni kosa?"

"Si kosa. Huyo mtu wa ofisini unamfahamu?"

"Simfahamu na wala sitaki. Namwona tu hivi: mzee, ana kitambi, mbele yake kikombe cha chai ya maziwa, anawafungia watu simu kwa raha zake."

Elirehema akashusha macho, akatazama tumbo lake, lililokuwa bapa kama ubao. "Chai ya maziwa ni kweli," alisema. "Nipe dakika kumi."

Akavuka barabara akaingia kwenye kibanda cha intaneti. Kabla dakika kumi hazijaisha, simu pale mezani ikawaka yenyewe, bila mkono wa mtu. Mikaeli akaruka nyuma. Elirehema akarudi akijifuta jasho.

"Bonyeza sifuri mara nne, halafu chagua namba mpya. Safari hii uchague mwaka wa kuzaliwa mama yako."

Dada akabonyeza. Simu ikafunguka. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Yesu na Maria! Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Kitambi kiko njiani."

Jina lake lilikuwa Pudensiana. Alikuwa Mchaga wa Rombo, Mkatoliki, bibi shamba aliyepanga chumba Maji ya Chai; mama yake, Agnela, alikuwa mjane aliyeuza vitenge mjini na kuishi Engutoto. Jumatatu alipiga simu kushukuru. Jumanne alipiga kuuliza jambo ambalo jibu lake alilijua. Jumatano alipiga bila sababu yoyote, na hapo Elirehema akaelewa.

"Haloo, Bwana Kufuli."

"Sema, Arobaini na Saba. Umekosea tena?"

"Mara tisa. Ya kumi nimekuachia wewe."

"Ukikosea ya kumi nitakuja mwenyewe huko."

"Basi nikikosea ujue ni makusudi," alisema Pudensiana, akakata simu.

Kila Jumapili baada ya ibada, yeye ya kwake na Elirehema ya kwake, walikutana Maji ya Chai kwa mama ntilie mmoja aliyepika mtori mzito wa ndizi na nyama. Mabasi ya Moshi yalipita yakiwarushia vumbi, na mlima ulikaa mbele yao, umejifunga wingu kiunoni. Pudensiana alikula kwa furaha na kuongea mdomo ukiwa na chakula.

"Hivi Walutheri mnaimba vizuri kweli, au ni sifa tu?"

"Wengine wanaimba. Mimi mwalimu wa kwaya aliniambia nishike mlango."

"Mpenzi wangu mshika mlango! Ndiyo maana ukaishia kwenye kufuli."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Elirehema alimeza mtori wa moto ukamchoma koo, akachota kijiko kingine haraka, asije akaliharibu neno lile kwa kuongea.

Mwezi wa nne mvua zikaja kwa hasira. Mchana mmoja Elirehema alitazama dirishani, mlima haupo, mji wote umekuwa wa kijivu. Akamfikiria Pudensiana na raba zake. Mkono ukaenda kwenye ramani. Mara moja tu, alijiambia. Nukta namba arobaini na saba ilikuwa Nduruma, imesimama kando ya korongo, na ilikuwa imesimama hapo saa nzima. Akampigia Lekishon, dereva wa bodaboda aliyemjua, akamtuma na gambuti za namba thelathini na nane na koti la mvua.

Baada ya saa moja simu yake ikalia.

"Elirehema! Nimekaa chini ya paa la mashine ya kusaga, maji yamejaa korongo, viatu vimenasa tope, nimekata tamaa. Mara namwona Lekishon na gambuti. Ulijuaje?"

Angeweza kusema ukweli. Kwenye simu mvua ilisikika ikipiga mabati, na sauti ya Pudensiana ilikuwa na furaha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo kwa sababu yake.

"Moyo uliniambia," alisema.

Pudensiana akamsimulia mama yake. Agnela, aliyekuwa hajamwona kijana huyo hata kwa picha, akaweka chini kitenge alichokuwa anakunja. "Mwanaume ambaye moyo wake unaona kutoka mjini mpaka Nduruma," alisema, "huyo usimwache." Maneno hayo yakamfikia Elirehema, naye akayapokea kama mtu aliyevikwa koti la mwenzake na kuliona linamkaa vizuri.

Tangu hapo alitazama kila siku. Asubuhi kidogo, mchana kidogo. Alijua lini Pudensiana amechelewa kutoka, na alijua lini yuko Tengeru, akatokea hapo na chungwa mkononi kana kwamba ni bahati. Alijiambia kwamba anamlinda. Siku zote mtu mwenye ufunguo hujiambia hivyo.

Alhamisi moja, saa nane mchana, nukta ikawa Engutoto. Ilikuwa juu ya nyumba ya wageni. Saa tisa bado. Saa kumi bado. Elirehema alisahau chai yake ikaganda utando. Akapiga.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nduruma," alijibu Pudensiana, sauti nzito. "Niko na wakulima."

"Wakulima gani?"

"Wakulima, Elirehema. Watu wenye majembe. Una nini leo?"

"Uko Engutoto. Tangu saa nane uko kwenye nyumba ya wageni."

Mbali, kwenye simu, jogoo aliwika.

"Umejuaje?" aliuliza Pudensiana, taratibu.

Alifungua mdomo, na lile neno la moyo likakataa kutoka.

"Na siku ya gambuti," alisema Pudensiana, "ulijuaje?"

"Pude..."

"Nijibu."

"Nilitazama kwenye ramani."

"Na chungwa la Tengeru? Na siku nyingine ulizotokea?"

"Zote."

Alimsikia akivuta pumzi. "Mimi nilijisifu kwa mama yangu. Nilimwambia nimepata mtu ambaye moyo wake unaniona. Kumbe ni kompyuta ya kampuni. Umenifanya kama ng'ombe mwenye kengele shingoni, halafu unaniambia ni mapenzi."

"Na nyumba ya wageni je?"

"Hiyo," alisema Pudensiana, "sina deni la kukueleza. Hunidai."

Kesho yake simu namba arobaini na saba ililetwa ofisini na dereva wa gari la mboga, imeviringishwa gazeti. Ilikuwa imezimwa. Simu yake binafsi nayo haikupokewa, siku ya kwanza, ya pili, wala ya tisa.

Elirehema hakuwa mtu wa kulia. Siku ya kumi alivaa suti ya kijivu, akagonga mlango wa meneja. Mama Irine alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyesoma kila karatasi mara mbili kabla ya kusaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona suti? Kuna msiba?"

"Nimekuja kujishtaki."

Akamweleza yote, pamoja na gambuti, pamoja na chungwa. Hakupunguza kitu. Mama Irine alivua miwani.

"Kanuni ya ramani nani aliiandika?"

"Mimi."

"Na aliyeivunja?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Siku thelathini na nne, mama."

Mama Irine aliifuta miwani, akaivaa tena. "Ningekufukuza," alisema mwishowe, "lakini anayekuja baada yako hatakuja kujishtaki. Utapata barua ya onyo, itakaa kwenye faili lako. Halafu nenda ukaiandike kanuni upya, kwa namna ambayo hata wewe huwezi kuivunja."

Hapo ndipo elimu ya jioni ilipolipa. Wiki mbili Elirehema alikaa na kompyuta ile kama fundi saa. Alipomaliza, ramani haikufunguka tena kwa mtu mmoja: ilidai namba ya siri yake na ya Mama Irine, pamoja. Ilidai pia sababu iandikwe. Na mara tu simu ikitazamwa, mwenye simu alipata ujumbe palepale: nani ametazama, saa ngapi, kwa nini. Akawaandikia mabwana na mabibi shamba wote sitini kuwaeleza, na kwenye barua hiyo akaandika kwamba utaratibu umebadilishwa kwa sababu yeye, Elirehema, aliutumia vibaya. Kwa jina lake. Baadhi yao walimcheka kwenye ngazi. Akaacha wamcheke.

Mama Irine ndiye aliyempigia Pudensiana na kumshawishi arudishe simu mfukoni, maana maharage hayangoji mtu apoe. Akaichukua tena. Kwa Elirehema hakupiga. Wiki moja ikapita, na ya pili, na kwenye simu namba arobaini na saba haukuingia ujumbe hata mmoja. Pudensiana aliikagua kila asubuhi na kila jioni. Hakukuwa na kitu. Mtu aliyeweza kumtazama hakuwa anatazama.

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa nne na nusu asubuhi, simu ya mezani ya ofisi ikalia. Elirehema alikuwa zamu.

"Haloo, Vilele Mazao."

"Naripoti simu imepotea," ilisema sauti ya mwanamke. Alikuwa anatumia simu ya mtu mwingine, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu.

Elirehema aliitambua sauti hiyo, akashika kalamu. "Namba?"

"Arobaini na saba."

"Ilipotea wapi, dada?"

"Ningejua ilipopotea ningekusumbua? Itafute. Ndiyo kazi yako." Akakata.

Mama Irine alikuwa chumba cha pili akihesabu masanduku ya kufungashia. Akaja, akavaa miwani, akaweka namba yake ya siri baada ya ile ya Elirehema. Kompyuta ikadai sababu.

"Niandike nini?" aliuliza Elirehema.

"Aliyepiga ni nani?"

"Mwenye simu mwenyewe."

"Basi andika: mwenye simu ameomba." Mama Irine akainama kwenye kioo. Nukta ya bluu ilikuwa Tengeru, sokoni. "Simu iliyopotea gani hii imekaa kwenye vibanda vya mafundi simu?" Akamtazama kijana, akatazama tena nukta. "Elirehema. Unangoja nini? Nenda ukailete mali ya kampuni."

Alimkuta ameketi kwenye stuli ya Mikaeli, blauzi ni ile ya njano, kitenge kipya cha kijani kichwani, gambuti miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Simu ilikuwa magotini. Mikaeli alijifanya anatafuta kitu uvunguni mwa meza.

Pudensiana alisoma kwa sauti, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Simu yako imetazamwa na Elirehema na Irine, saa nne na dakika arobaini. Sababu: mwenye simu ameomba." Akainua macho. "Unaona? Leo umenitazama kwa ruhusa. Imekugharimu nini?"

"Kumuomba Mama Irine."

"Na wakati ule ungeniomba mimi, ningekukatalia?"

"Sijui."

"Wala mimi sijui. Ndiyo raha ya kuomba." Akamsogezea nafasi kwenye stuli, ambayo haikuwa na nafasi. "Nilikuwa kwa mama. Siku ile. Nyumba yake na ile nyumba ya wageni zinatumia ukuta mmoja. Nilikuwa nimelala usingizi wa pono, miguu imevimba kwa kuzunguka Nduruma. Nilikuwa nimetoroka kazi, Elirehema! Ningekuambiaje, na wewe ni mtu wa ofisi?"

Mikaeli akashindwa, akacheka huko huko uvunguni.

"Nisamehe," alisema Elirehema.

"Nilishasamehe tangu uliporuhusu watu sitini wakucheke. Ila liko jambo moja. Mama bado anaamini ule moyo wako unaoona. Mimi sijamwambia. Hilo ni lako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikileta barua."

Pudensiana alielewa barua gani. Akatazama gambuti zake muda mrefu, akazigonganisha visigino. "Usichelewe," alisema. "Mwezi wa saba nina mavuno."

Barua ya posa iliandikwa Jumapili iliyofuata, huko kwao mlimani, kwenye meza ya mama yake Elirehema, kwa kalamu ya wino mweusi. Mshenga alikuwa Mzee Elimringi, kaka mkubwa wa baba yake, aliyekuwa ameposa kwa niaba ya vijana kumi na mmoja na kurudi mikono mitupu mara moja tu. Aliisoma barua akiisogeza mbali na macho. Mwanzo ulimpendeza: salamu, jina la Mungu, jina la ukoo, heshima kwa familia ya marehemu Sylvanus, baba yake Pudensiana, wa Rombo na Engutoto. Alipofika aya ya tatu akasimama.

"Hii ni nini? 'Siku ya mvua sikuambiwa na moyo. Nilimtazama binti yenu kwa mashine ya kazini, bila ruhusa yake, nikamdanganya.' Mwanangu, hii ni posa au hukumu?"

"Ni kweli, baba mkubwa."

"Kweli iko nyingi duniani, haiandikwi yote kwenye posa. Mama yule amekupenda kwa ajili ya moyo huo. Ukimwondolea moyo, umebaki na nini? Huna gari. Huna kiwanja."

"Nina gambuti nilizompa binti yake," alisema Elirehema. "Na sitazami tena. Akinikataa, anikatae mimi. Sitaki amkubali yule mwingine."

Mama yake Elirehema, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, hakugeuka. "Iache, shemeji," alisema. "Ni ya kwake."

Mzee Elimringi akaguna. Akaisoma aya ile mara ya pili, midomo ikicheza, kisha akamrudishia. Elirehema akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha nyeupe, akalamba gundi, akaibandika na kuipitishia ukingo wa kucha kutoka pembe moja hadi nyingine. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote vitatu.

"Nikifika Engutoto utapata habari," alisema. "Usinitafute kwenye hiyo ramani yako."

"Huna simu ya kampuni, baba mkubwa."

"Nashukuru Mungu," alisema mzee. Akavaa kofia, akashuka njia ya migombani kuelekea barabara kuu, na ile barua kifuani mwake.